Nani Amerithi Ini la Baba

Mimi ni mtu niliyejitengeneza mwenyewe, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ya chini. Niliondoka Soni nikiwa nimekaa juu ya matenga ya karoti, nikalala nyuma ya maduka ya sokoni Dar es Salaam, nikabeba mizigo ya watu mpaka mabega yakaota sugu, na kwa mabega hayo hayo nikajilipia chuo. Nina stashahada ya sayansi ya maabara. Imetundikwa ukutani, ndani ya fremu, mkabala na mlango, ili anayeingia aione yenyewe kabla hajaniona mimi. Niliporudi milimani sikurudi kugombania kipande cha shamba. Nilirudi na darubini, jokofu, mashine ya kupima kemia ya damu na jenereta ya kuilinda na umeme wetu, nikapanga chumba karibu na soko la mboga, nikafungua maabara. Wanaosema nilibebwa na mjomba aliyeko serikalini wanitajie mjomba huyo, nami nipate kumfahamu.

Naanza na hayo kwa sababu ndiyo yaliyonifanya nigombane na ukoo mzima kwa ajili ya ini.

Baba yangu alikufa kwa tumbo. Ndivyo tunavyosema kwetu, na mtu akishasema hivyo wenzake hutikisa kichwa, kwa sababu kila mmoja anajua maana yake. Tumbo lilijaa maji likawa kama la mama mjamzito, miguu ikavimba, macho yakawa ya njano kama kiini cha yai la kienyeji, na mwishoni akawa ananiita kwa jina la marehemu kaka yake. Ukoo ulikuwa umeshatoa hukumu hata kabla macho hayajageuka rangi. Kilichomuua ni boha, yaani pombe yetu ya miwa. Wazee walioitoa hukumu hiyo waliitoa uani kwetu wakiwa na boha mkononi, wakashushia hukumu yao na boha, kisha wakaomba waongezwe.

Nilimpeleka hospitali kubwa mjini. Virusi vya homa ya ini nilikuwa nimeshavipima mwenyewe, B na C, sikuviona, na kule walirudia wakakubaliana na mimi, jambo ambalo halikunishangaza. Daktari alikuwa mama mmoja kijana, mchangamfu. Aliposikia ninavyouliza maswali aliacha kuniambia "maji tumboni" akaanza kuzungumza nami kama mtu wa fani. Alisema ini la baba limejaa makovu na kusinyaa, ule ugonjwa wanaouita sirosisi, na kwamba vipimo vinaonyesha limesheheni madini ya chuma kuliko ini lolote aliloliona mwaka ule. Akaniuliza mzee alikuwa anakunywa nini. Nikamwambia boha. Akaniuliza inapikwa kwenye chombo gani.

Hapo ndipo pipa letu lilipoingia katika sayansi.

Baba alilileta pipa hilo kutoka kwenye mashamba ya mkonge, kule bondeni, alikofanya kazi ujanani. Ni la chuma tupu, zito, na ndani lina kutu iliyoshikamana kama magome ya mti. Halikusuguliwa hata siku moja, kwa sababu iliaminika kwamba kulisugua ni kuliondolea nguvu. Boha ya nyumbani kwetu ilikuwa na wekundu fulani ambao boha ya majirani haikuwa nao, na watu walitoka mpaka ng'ambo ya bonde kuifuata. Walisema ina damu ndani yake. Baba alijivunia wekundu ule kama mimi ninavyojivunia fremu yangu.

Daktari alinieleza taratibu. Kinywaji kichachu hula chuma cha chombo, na mnywaji hukila chuma hicho kwa miaka. Wengi mwili wao hukataa kukipokea cha ziada. Lakini kuna watu waliozaliwa na mbegu inayoufanya mwili ushike kila chembe ya chuma na kuificha kwenye ini, na pombe juu yake ikamalizia kazi. Mbegu ya namna hiyo kwa Wazungu inajulikana na ina kipimo chake. Ile ya kwetu Waafrika, alikiri, wataalamu bado wanaitafuta. Ila jambo moja alilisema bila kusitasita. Watoto wa mzee huyu wapimwe wote, hasa wa kiume, na wapimwe sasa, maana ini ni kiungo kisicholalamika. Likianza kulalamika, mtu ameshachelewa.

Baba hakumaliza wiki. Tulimzika mteremkoni chini ya nyumba, upande wa migomba, mvua za masika zikinyesha.

Siku ya kuanua matanga ukoo ulikaa kikao. Nikasimama. Niliwaeleza kwa Kiswahili chepesi, nikatumia hata mfano wa wachukuzi, kazi niliyoifanya kwa jasho langu. Nikasema kwenye damu kuna wachukuzi wanaobeba chuma, na maabara inaweza kuona wamepakia kiasi gani. Kuna na ghala la chuma, linaitwa feritini, nalo tunaweza kujua limejaa au lina nafasi. Kisha kuna vimeng'enya vya ini vinavyovuja ini linapoumia, na chembe sahani zinazopungua kovu likishakuwa kubwa. Yote hayo, nikasema, nayapata kwenye damu kidogo ya mkononi. Vipimo nisivyo navyo nitavipeleka mjini kwa boksi la barafu. Simdai mtu chochote.

Hakuna ukoo Usambara yote unaoitaja damu yake kama wetu. Kwenye harusi tunaambiwa damu yetu haichanganyiki hovyo. Kwenye misiba tunaambiwa damu yetu haisahau. Mtoto akifaulu shule ni damu, na akipigana sokoni akashinda ni damu pia. Nilipoiomba damu hiyo kiasi cha kijiko cha chai, sikumwona mwenye nayo. Mmoja alikumbuka nyanya zake hazijapigwa dawa. Mwingine alisema amesikia damu ya maabara husafirishwa ikauzwa. Mzee mmoja ambaye hajawahi kumwuliza mkewe jambo lolote tangu amwoe alisema lazima akamwulize mkewe kwanza. Uwanja ulibaki na viti na watu wachache.

Nikajipima mwenyewe mbele ya waliobaki, ili waone. Nilifunga mpira kwenye mkono wangu kwa meno, nikajichoma sindano kwa mkono mwingine, mara moja tu, bila kutafutatafuta mshipa. Wapo wenye shahada wasioweza hilo. Majibu yangu yalikuwa ya kuwekwa kwenye kitabu cha kufundishia. Ghala langu la chuma lilikuwa la wastani kabisa, vimeng'enya vimetulia, chembe sahani tele. Nilitangaza. Nilimwambia muuza matunda ya damu, nikawaambia wapakiaji wa kabeji, nikamwambia mchungaji mlangoni pa kanisa. Mtu akiwa na damu kama ile anaificha kwa nini?

Dada yetu, aliyeolewa Mponde kwenye majani ya chai, alikuja mwenyewe bila kuitwa mara mbili. Chuma chake kilikuwa juu kidogo, si cha kutisha. Nilimweleza kwamba wanawake hutoa damu kila mwezi na kwa hiyo hupunguza ghala bila kujua. Akasema afadhali shida hiyo imefaa kitu, akanywa chai, akarudi kwake.

Aliyebaki ndiye niliyekuwa nikimwogopea, kaka yetu mkubwa.

Kaka amenitangulia kwa mengi. Alinifundisha kupanda viazi, akanifundisha na kupigana, na ndiye aliyekunywa kutoka pipa lile tangu sauti yake ilipovunjika. Nilikuwa namtazama siku zile za msiba kama fundi anavyotazama ukuta uliopinda. Ngozi yake ilikuwa imeingia rangi ya majivu ambayo si ya jua. Alishika jembe akilalamikia vifundo vya vidole, hasa viwili vya mwanzo. Sukari yake ilikuwa imepanda. Na mkewe alikuwa amemnong'oneza mama, naye mama akaninong'oneza mimi kama mtu wa afya, kwamba mambo ya chumbani yamelala usingizi mzito. Kila alama niliyosoma chuoni ilikuwa inatembea mbele yangu ikiwa imevaa koti la baba.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa na maelezo yake. Alisema kaka amerogwa na watu wanaotaka kiti chake. Sasa, kuhusu kiti hicho lazima nieleze, kwa maana Shangazi huyo huyo ndiye aliyekuwa anakitikisa miaka yote. Kaka alizaliwa baba akiwa bado kule kwenye mkonge, mama akiwa huku mlimani. Shangazi aliwahi kuhesabu miezi kwa vidole vyake na vidole havikumpa jibu alilolipenda. Tangu hapo, kila alipokorofishana na mama, kaka akawa "yule aliyekuja na lori la mkonge." Hakulisema mbele za watu wazima wengi. Alilisema tu mahali ambapo lingesikika.

Nilimfuata kaka shambani kwenye kabeji. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa. Nikamweleza yote upya, nikamwambia alama ninazoziona, nikamwambia kwamba akipimwa sasa huenda ini lake bado linaokoka, na akingoja atakufa kama baba, kwa tumbo, akiwaita wanawe kwa majina ya wafu. Alipalilia mstari mzima kabla hajasema neno.

"Hiyo mashine yako," akasema, "inaona mpaka wapi?"

"Inaona chuma, kaka. Haioni baba wa mtu."

"Umejuaje kama ndicho ninachouliza?"

Nikainama nikang'oa gugu.

"Na huko mjini mnakopeleka kwa boksi la barafu? Nao hawaoni?"

"Hawatafuti hicho. Hata hiyo mbegu yenyewe hawana kipimo chake."

"Wewe unajuaje wanachotafuta?"

"Nina stashahada, kaka."

"Ndiyo maana nauliza," akasema, akarudi kwenye magugu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mwanamume mwenye nguvu, baba wa watoto, mwenye kabeji zinazosifiwa mpaka Mombo, alikuwa tayari ini lake lioze ndani ya mbavu kuliko bomba la sindano limwambie Shangazi alikuwa sahihi. Alikuwa anaogopa kipimo ambacho hakuna mtu duniani alikuwa amekusudia kukifanya. Nilimwambia hivyo, tena si mara moja. Kila nilipomwambia, alizidi kuamini namficha. Elimu ina tabu hiyo, ukiikanusha hofu ya mtu kwa maneno mengi anaona umeithibitisha.

Nikaenda kwa mama. Sikumwambia kila kitu. Nilimwambia kaka anaogopa kupimwa. Mama alikuwa anachambua maharage. Aliniuliza anaogopa nini, nikaanza kuzungukazunguka kwa adabu, na alinitazama mpaka nikaacha kuzunguka. Kisha akasukuma ungo pembeni, akajifunga kanga ya pili, akatoka. Mama yangu huenda polepole kwa sababu ya magoti, lakini siku ile nilimfuata kwa taabu.

Kaka alikuwa amekaa barazani kwake na Shangazi alikuwepo, maana Shangazi yupo popote panapotakiwa asiwepo. Mama hakuketi.

"Nyoosha mkono," akamwambia kaka.

Kaka akasema mama, ngoja kwanza, hili jambo lina wakati wake.

"Hapa duniani yuko mtu mmoja anayejua baba yako ni nani, naye ndiye anakwambia nyoosha mkono. Sina hofu mimi. Wewe unaogopa kwa niaba ya nani?"

Shangazi akajikohoza. Mama akamgeukia. "Na wewe wifi, washa taa hapo ndani ya kichwa chako. Miezi haihesabiwi kwa vidole vya mtu aliyekuwa mtoto wakati huo."

Kaka alinyoosha mkono. Boksi langu lilikuwa begani, kwa kuwa mtu wa fani hatembei mikono mitupu. Mshipa wake ulikuwa mnene, nikaupata papo hapo, na damu iliyojaa kwenye chupa ilikuwa damu tu, ya rangi ya kawaida, ingawa Shangazi aliinama kuitazama kana kwamba ataona sura ya mtu ndani yake.

Majibu yalirudi kutoka mjini nikayasoma nimesimama. Ghala la chuma lilikuwa limefurika. Wachukuzi walikuwa wamepakia mpaka shingoni. Kwa kuwa feritini hupandishwa na mambo mengi, hata homa na pombe yenyewe, nilirudia vipimo baada ya kumzuia asinywe kwa muda, na bado vilikuwa juu kupita kiasi. Vimeng'enya vilikuwa vinavuja. Lakini chembe sahani zilikuwa hazijaporomoka, na hapo nilipumua. Nilimpeleka kwa yule daktari kijana. Akampima kwa mashine ya kuona ugumu wa ini, akasema makovu yameanza ila ini halijasinyaa. Tiba yake ilikuwa rahisi kiasi cha kuchekesha. Anatolewa damu, kila baada ya muda, mfuko mzima, mpaka ghala lishuke. Asinywe pombe, na pipa liondolewe. Asile ini la mnyama yeyote, kwa sababu ini ni ghala la chuma la mtu mwingine, wala asinywe zile dawa nyekundu za kuongeza damu alizokuwa akizinunua Soni kila alipojisikia mchovu.

Nilikuwa nimejiandaa kumfariji. Nilikuwa na maneno yangu mazuri kabisa. Kaka alimsikiliza daktari mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Kwa hiyo hili ini ni kama la baba?"

Daktari, ambaye hakujua ameulizwa nini, akasema ndiyo, ugonjwa ni ule ule wa baba yako.

Kaka alicheka mpaka wauguzi wakageuka. Njia nzima ya kurudi, kutoka tambarare mpaka kona za mlima, alikuwa akipiga paja. Nilimweleza kwamba hii si hati ya kuzaliwa. Nikamwambia mtu yeyote angeweza kujaza chuma kwa kunywa tu kwenye pipa lile miaka yote, hata awe mtoto wa mfalme wa nchi ya mbali. Alinipigapiga begani akaniita mghosi, kama kwetu mwanamume anavyomwita mwenzake: "Mghosi, pumzika. Umefanya kazi nzuri."

Aliposhuka Soni alianza kutangaza kabla vumbi halijatulia. Nimewahi kuona watu wakitangaza harusi, wakitangaza mtoto wa kiume, hata wakitangaza kushinda kesi ya mpaka. Sijapata kuona mtu akitangaza makovu ya ini kwa furaha ile. Alishika mbavu zake upande wa kulia akawaambia wauza vitunguu, "Hili hapa ni la mzee mwenyewe." Watu wakampa pole, akaikataa pole, akataka pongezi. Na wakampongeza. Ukoo mzima ukampongeza. Wale wazee waliokimbia sindano wakaja na kuku. Shangazi akaja analia, akamkumbatia, akasema alijua siku zote, kwamba hata lile paji la uso ni la kaka yake mtupu. Na ghafla kila mtu akataka kupimwa. Walipanga foleni mbele ya maabara yangu wakiomba wakutwe wagonjwa. Mmoja alikutwa mzima akaondoka amenuna, akasema mashine yangu ni ya zamani.

Nilipaswa kuona kinachokuja. Mtu aliyezoea kusoma alama alipaswa kukiona.

Shangazi ndiye aliyeanza, kama kawaida. Alisema, kwa upole mwingi, mahali ambapo lingesikika, kwamba kama mkubwa ana chuma cha baba, na binti naye anacho kidogo, basi yule wa katikati, yule mwenye damu safi aliyoitangaza mwenyewe kwenye matunda na kabeji mpaka mlangoni pa kanisa, chuma chake kiko wapi? Halafu akakumbuka. Kumbukumbu ya Shangazi haishindwi. Akakumbuka kwamba mwaka niliozaliwa kulikuwa na mwalimu mgeni aliyepanga chumba cha uani kwetu. Mtu mpole, mwembamba, anasoma vitabu. Na watu wakaitikia kwa mshangao wa kuridhika: ndiyo maana yule kijana alikuwa na kichwa cha darasani.

Naomba msomaji aone ukubwa wa wizi huu. Waliniondolea baba, hilo moja. Lakini na stashahada yangu wakampa mpangaji. Mabega yangu yenye sugu, usiku niliolala juu ya magunia, ada niliyoilipa kwa uti wa mgongo, vyote vikawa urithi wa mtu aliyekaa chumba cha uani akisahihisha madaftari.

Niliwaeleza. Nilisimama mbele ya maabara yangu nikawaeleza kwamba mtoto huchukua nusu ya mbegu za baba na nusu za mama, na hachaguliwi nusu ipi; kwamba watoto wawili wa baba mmoja wanaweza kutofautiana, mmoja akabeba mbegu ya ugonjwa na mwingine akaikwepa; kwamba mimi niliondoka nyumbani kabla sijawahi kuonja pipa lile, na kwa hiyo hata kama mbegu ninayo haikupata chakula. Nilitumia mfano wa maharage ya rangi mbili katika ganda moja. Walisikiliza kwa heshima. Kisha mmoja akasema, "Ona anavyofafanua. Mwalimu kabisa."

Nikaenda kwa mama, na nakiri nilikwenda na hasira. Nilimweleza jinsi wanavyonichafua, na wanavyomchafua yeye. Mama alicheka mpaka akafuta macho kwa pindo la kanga.

"Kaka yako ameitwa mtoto wa lori tangu hajaota meno, na hakuniletea kilio hata siku moja. Wewe umeitwa juzi tu umeshakuja hapa umevimba. Kaa ule."

Nilimwuliza kwa nini asitoke na kanga ya pili kama alivyofanya kwa kaka. Alisema kaka alikuwa anakufa. Mimi, akasema, nilikuwa nasemwa tu.

Krismasi ndiyo huwa inaurudisha ukoo mlimani, hata wa Dar, hata wa Mnazi bondeni. Ilikuwa ya kwanza bila baba. Kwetu mbuzi akichinjwa siku hiyo, ini huchomwa kabla ya nyama nyingine, huletwa kwenye sahani kwa mwenye mji, naye huuma kwanza ndipo humpa anayemfuata katika watoto wa kiume wa nyumba. Baba alikuwa akilila karibu lote, akabakiza heshima ya watoto tu. Sasa kaka alikaa kwenye kiti kile, bila mtu kukohoa, kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Ngozi yake ilikuwa imerudi rangi, kwa kuwa mifuko kadhaa ya chuma ilikuwa imeshatolewa mwilini mwake. Pipa lilikuwa limelazwa nyuma ya banda na kuku wanatagia humo.

Sahani ikaletwa. Ini la mbuzi, limechomwa vizuri, chumvi juu yake.

Kila mtu akamtazama. Shangazi akasema taratibu kwamba mwenye mji asiyeonja ini bado hajakalia kiti. Kipande kimoja kisingemwua. Hilo nalijua, ndiyo kazi yangu. Lakini namjua na kaka. Hajawahi kula kipande kimoja cha kitu chochote, na akishakula ini kwa sababu ya Shangazi, kesho atakunywa boha kwa sababu ya wazee, na keshokutwa kuku watahamishwa kutoka kwenye pipa. Niliona vidole vyake vikizunguka ukingo wa sahani. Alikuwa amekingojea kiti kile muda mrefu kuliko alivyoogopa kufa. Nilifungua mdomo nimkumbushe maneno ya daktari, na mama, aliyekuwa ameketi mlangoni pa jiko, akanitikisia kichwa ninyamaze.

Kaka akaisogeza sahani yote kwangu.

Uwanja ukanung'unika. Shangazi akauliza, "Huyo tena?"

"Mimi nimekatazwa ini kwa kuwa ni mtoto wa baba," kaka akasema. "Huyu atakula kwa kuwa mwenye mji amesema. Kuna mwingine wa kuuliza?"

Akanigeukia. "Kula, mghosi. Damu yako ina nafasi."

Ini lilikuwa limeshapoa kwa sababu ya mabishano, na lilikuwa gumu kidogo kwa pembeni. Nililila polepole, nimenyoosha mgongo, nikiwatazama mmoja mmoja, wazee wa sindano, wapiga dawa wa nyanya, wote. Desturi inataka ubakize. Sikubakiza. Nilifuta mafuta ya sahani kwa kidole.

Shangazi alinitazama mpaka mwisho, akamwinamia jirani yake, akasema kwa sauti yake ile ya kusikika, "Anakula kama baba yake."

Sikumwuliza yupi.